Kibao Kilichofukiwa na Theluji

Lorna uko? Usinipigie. Niko kwenye gari nje ya ofisi za jiji, nikifungua mdomo nitalia.

Usaili wa kuingia lile baraza la kusikiliza rufaa za faini za maegesho ulienda vizuri. Madiwani watatu wananisomea maswali kwenye karatasi, hakuna anayetabasamu, maana wakimchekea mwombaji mmoja itabidi wawachekee wote. Nikajibu bila kubabaika.

Swali la mwisho: "Mama Kowalchuk, una kesi au shauri lolote na jiji?" Nikasema sina. Nilisema sina Lorna, na ilikuwa kweli kabisa.

Natoka nje, nakuta faini kwenye kioo. Eti nimeegesha pasiporuhusiwa. Kibao chenyewe cha kukataza kimefukiwa na theluji, na lililoirundika pale ni greda la jiji hilo hilo. Ningekionaje?

Nikarudi ndani na buti zangu zinadondosha maji, nikamwambia karani, yule Pruitt mpole, nataka kukata rufaa. Akanitazama kama anayemtazama mfiwa.

"Ukikata rufaa mama, utakuwa na shauri na jiji. Jina lako linafutwa kwenye orodha ya baraza leo leo."

"Na nisipokata?"

"Unalipa tu, yanaisha."

Yanaisha. Lorna, kanambia yanaisha.

Yaani ili niaminiwe kuwasikiliza walioonewa, kwanza nionewe mimi na ninyamaze.

Nimelipa.

Na unajua kinachoniuma zaidi? Wote nitakaokaa nao kwenye hilo baraza ni watu waliolipa.