Mbao Nilizong'oa Kabla ya Siku

Ndugu yangu mkubwa Karanja,

Tulipoachana pale Kiuu ulinitupia maneno haya: "Siku utakayojifunza kungoja, niandikie." Imenichukua miaka kumi na moja na ugonjwa mmoja. Basi ninaandika, nikiwa wodi ya upasuaji hapa Thika, mpira umening'inia puani kama mkonga wa ndovu aliyekonda.

Ni kongosho. Usicheke, hata mimi sikujua ninayo. Kijiwe kilitoka kwenye nyongo kikaziba njia yake, ikavimba, sehemu yake ikafa humo humo tumboni na kuzungukwa na dimbwi la maji machafu. Unanijua. Siku ya tatu nilimwambia daktari, "Si unikate tu tumalize?"

"Mzee, hilo dimbwi bado halina ukuta," akasema yule mama. "Nikiingia sasa nitakuta uji. Sitajua kipi kimekufa na kipi kizima, na utavuja damu. Tungoje wiki kadhaa, mwili ulijengee ukuta, ukomae."

Ati ukuta ukomae! Nikakuona juu ya ile slabu ya zege tuliyoimwaga Kiuu, na ndoo yako, asubuhi na jioni, ukiinywesha maji kama ndama, nami nyuma yako nikikusumbua: "Karanja, hii imekauka. Tung'oe mbao zinazoishikilia twende ile kazi nyingine kule Kimbo." Wewe uliyekuwa ukichota githeri motoni hadi ulimi unaungua, kwa konkriti ulikuwa na subira ya ajabu. "Juu imekauka," ulinijibu. "Ndani bado."

Ukaenda kumzika mama mkwe wako, siku mbili tu. Nikang'oa mbao.

Uliporudi, slabu ilikuwa imebonyea katikati kama kitanda cha kamba, mwenye nyumba anafoka. Ukamwambia, "Ni mimi niliyesema zing'olewe." Mimi nilikuwa hapo, nyundo mkononi, naangalia viatu vyangu. Nilidhani umekasirikia slabu. Nimekuja kuelewa nikiwa hapa kitandani kwamba ulikasirikia kimya changu.

Usidhani nimekuwa malaika. Wiki ya pili shemeji yako Njeri alinikuta nimeshavaa viatu, kwa sababu jirani wa kitanda aliniambia kuna daktari mahali fulani anayekata bila maswali.

"Vua," akasema. "Wewe hata chai hujawahi kungoja ipoe."

Nikavua. Tangu hapo nageuka, nakaa, nahesabu misumari ya dari, nakosea, naanza tena.

Sasa homa imeingia, ila ukuta umekomaa. Daktari ameuona kwenye picha. Alhamisi atapitisha mpira ubavuni atoe usaha. Kama huo hautatosha, ataingia kwa tundu dogo aondoe nyama iliyokufa. Naogopa, Karanja. Naogopa kuliko ile siku ya kwanza uliponipandisha jukwaa la ujenzi.

Jana nilimpigia simu yule mwenye nyumba. Nikamwambia, "Mbao zile nilizing'oa mimi, si kaka yangu." Akacheka sana. "Nilijua," akasema. "Si wewe ndiye uliyekuwa na nyundo?"

Kumbe aliyekuwa akingoja niseme ni wewe peke yako. Nimesema. Saa za kuona wagonjwa ni mchana, kitanda cha dirishani. Ukuta wa tumbo nimeungoja hadi ukakomaa. Kukungoja wewe, ndugu yangu, bado sijaweza.

Mdogo wako,
yule mwenye nyundo