Jina Lililoitwa Mara ya Pili

Hayes, London

Dada yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Mimi sijambo, ila kidole kimekatwa na trei kazini, na baridi ya huku umeshaijua kwa malalamiko yangu. Wewe je? Goti linakuruhusu kusali wima, au bado unasalia kitini? Na sukari ya mama imeshuka, au bado anaficha mahamri chini ya mto? Usinijibu "sote wazima" kama ulivyozoea. Nieleze.

Ulisema habari zangu nisikutumie kwa simu, maana simu yako inapita mikononi mwa nyumba nzima, na shemeji akiishika huirudisha amenuna. Haya, nimeshika kalamu, na hati yangu mbaya utaivumilia. Ukishasoma, hata ukiichoma sikulaumu, mradi uwe umesoma mpaka mwisho.

Umeniuliza ile kazi yangu ya pili, ya kompyuta, ni kazi gani. Asubuhi napanga vyakula vya abiria wa ndege, hilo unalijua. Baadhi ya siku, mchana, nakaa chumbani kwangu nikijibu ujumbe wa wanawake kama mimi, waliozaliwa wakaitwa wavulana. Ni shirika la kuzuia virusi vya ukimwi. Wasichana hawa kliniki hawaendi, wanaogopa macho ya watu, lakini simu hawaiachi hata chooni. Basi tunawafuata humo humo. Mtu anaagiza kipimo kwenye mtandao, kinamfikia kwa posta, anajitoboa kidole mwenyewe, anairudisha damu kwa posta, na majibu yanamjia kwenye simu. Anayetaka dawa ya kinga tunamwonyesha njia. Mimi nimepewa wanaoandika kwa Kiswahili, na hutaamini walivyo wengi.

Jumatatu moja mchana akaniandikia msichana mmoja. Nitamwita Neema, maana jina lake lenyewe nimeapa kutolitoa.

"Yaya, uko? Niko na shida mubaya."

Ni Mkongo wa Bukavu, na kwao yaya ni dada mkubwa. Anasafisha ofisi, na anaishi kwa shangazi yake, mama wa kanisani anayemjua kama mpwa wake wa kiume. Jumamosi usiku alikuwa na mwanamume, na yule bwana akavua mpira katikati bila kumwambia. Jumatatu asubuhi Neema akapata habari kwa rafiki yake kwamba bwana huyo ana virusi, na dawa zake alishaacha kuzinywa.

Dada, kwa balaa kama hilo kuna dawa za dharura. Zinaweza kuzuia virusi visishike mwilini, lakini ni lazima zianze kumezwa ndani ya siku tatu, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua faida. Kutoka Jumamosi usiku mpaka Jumatatu mchana, hesabu mwenyewe. Na hizo haziji kwa posta. Ilikuwa lazima akae mbele ya nesi.

Nikamwandikia: "Nenda sasa hivi. Kuna kliniki karibu na hapo ulipo, nimeiona kwenye ramani."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Bataita mukalimani kwa simu. Mara ya mwisho ilikuwa mama wa korali ya tantine. Nilijua sauti yake. Na yeye alijua yangu."

Tantine ndiye huyo shangazi. Huku ukisema hujui Kiingereza, wanampigia simu mkalimani, na wao wanaona wamekufanyia hisani. Lakini wanaokijua Kiswahili cha Bukavu katika mji huu wanajuana wote, na Jumapili wanaimba pamoja. Mkalimani ameapa kutunza siri, sawa. Wewe umekulia mtaani kwetu, unajua siri ikishakuwa ya wawili inavyotembea.

Nasi tuna sheria yetu. Hatutoi namba zetu wala hatukutani na mtu. Kila kitu kipite kwenye kisanduku cha ujumbe, nacho kinafungwa saa kumi na moja jioni. Nikamwambia: "Mkatae mkalimani, ni haki yako. Mimi nitakuwa mdomo wako. Unachotaka kusema niandikie, nitakigeuza Kiingereza, umwonyeshe nesi simu. Naye aandike humo humo, nikugeuzie."

Nikaikodolea macho skrini. Na hapo hapo mama mwenye nyumba, Mhindi wa Kisumu aliyehamia huku miaka mingi, akaanza kugonga mlango. "Wewe! Leo iko nini? Chai napoa, bhajia napoa, mimi pikia nani?" Nikamwambia nakuja, mama. Sikuenda, naye hakuacha kugonga.

Mwishowe: "Niko mu bisi, yaya."

Yuko kwenye basi! Nikashukuru mapema mno. Alifika, akaandikishwa kwa kadi yake ya waomba hifadhi, maana hana nyingine, akaambiwa asubiri. Saa ilikuwa inakimbia. Nikampigia msimamizi wangu, Helen, Mwingereza mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, nikamwomba asifunge mazungumzo yetu.

"Utaratibu ni utaratibu, mpenzi," akasema.

"Ukifunga, nitampa namba yangu, na kesho unifukuze."

Kisha akasema saa yake ya ukutani siku hizi haiaminiki, akakata simu. Hawa watu, dada, hata kukubali wanakubali kwa mafumbo.

Neema akaandika: "Bananiita."

"Simama basi!"

"Banaita jina ya kadi. Jina ya mwanaume. Mi nilivaa robe yangu ya kike mu choo ya hapa, nilitaka kuingia kwa nesi nikiwa mimi. Batu banaangalia nani atasimama. Siwezi, yaya."

Kisha: "Nesi ameita tena. Anarudi ndani. Mi naenda."

Dada, kiti kile nakijua. Unakumbuka siku uliyonipeleka hospitali na ile homa, nikatoka nje bila dawa, nikakwambia foleni ni ndefu? Foleni haikuwepo. Jina liliitwa mara tatu, nami nimeinamisha kichwa natazama viatu vyangu. Mimi ilikuwa homa tu, na ilipoa. Ya Neema isingepoa.

Nikaandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa: TAFADHALI NIITE NEEMA. Chini yake nikamwandikia: "Peleka simu dirisha la mapokezi. Usiseme neno. Nyoosha mkono tu."

Saa kumi na moja ikapita, kisanduku kikabaki wazi. Nikaanza Ayatul Kursi, nikaikosea katikati, nikaanza upya. Nilikuwa na hakika ameshatoka, yuko kituoni na koti limefungwa mpaka shingoni.

Kisha yakaja maneno mawili. "Ameita Neema."

Na chini yake: "Nimesimama."

Tukakaa hivyo muda mrefu, watu watatu kwenye kisanduku kimoja: nesi anaandika, mimi nageuza, Neema anajibu. Aliulizwa mambo ya aibu, nami nikayageuza yote bila kupamba. Mwisho akaniletea picha ya kidonge kwenye kiganja, na neno moja: "Nimemeza." Nililia, mwenzio. Halafu nikashuka nikala bhajia za baridi, na mama mwenye nyumba akaniongezea chatne bila kuuliza kitu.

Usidhani hofu iliishia hapo. Dawa zile ni za mwezi mzima. Alizificha kwenye chupa ya vitamini, akatapika, akamwambia shangazi ni samaki. Zikaisha, ikabaki kungoja mpaka wakati wa kipimo cha mwisho. Kipimo tulikipeleka duka la kuchukulia vifurushi, kisiingie nyumbani kwa shangazi. Siku zile kila simu ikilia kazini namwaga trei, ndiyo maana ya hiki kidole.

Jana ameniandikia: "Yaya, hakuna virusi. Sasa nionyeshe ile dawa ya kinga, naagiza mimi mwenyewe."

Nisalimie mama, kama anaruhusu nitajwe mbele yake. Msalimie shemeji, mwambie sina ugomvi naye. Mbusu Rukia, mwanao, umwambie mama yake mdogo anamwombea kwenye mtihani. Na yule jirani yetu wa viazi karai, mwambie huku wanaviharibu.

Nina ombi moja. Barua yako ya mwisho ilikaa ngazini siku kadhaa. Mama mwenye nyumba anapangisha wanawake peke yao, akawa anauliza mlango kwa mlango: "Hii mwanaume nani? Hapa hapana mwanaume." Mimi nilikuwa napita mbele yake kila asubuhi. Hati yako niliitambua tangu siku ya kwanza, na hamu ya kuisoma nilikuwa nayo, lakini sikuweza kunyoosha mkono kwa jina lile la kiume, ijapokuwa aliyeita ni wewe. Mwisho niliichukua watu wakiwa wametoka. Yule nesi hakuwa na udugu wowote na Neema, na alirudi ndani, akatoka, akaita upya. Ukinijibu, dada, niite upya juu ya bahasha. Nitashuka ngazi mbio.

Mdogo wako,
Zuhura