Mtu Anayeandika Hajapotea

Jumatatu, 4 Machi

Niwie radhi, daftari. Tangu nipasuliwe jicho sijakugusa, na jicho limepona siku nyingi. Kilichobaki ni uvivu, na uvivu hauna dawa ya matone.

Darasa limerudi sebuleni. Wanafunzi watatu: Kinyozi, Dereva, na Mshonaji, ambaye huja na binti mdogo wa dada yake. Dada alikwenda ng'ambo mwaka jana kufanya kazi za ndani, akamwachia.

Njia yangu ni ileile. Natoa maneno mawili ya Kiingereza yanayochanganywa, kisha kila mmoja anasimulia kisa cha kweli kuhusu mtu wake, akiyatumia yote mawili. Nasahihisha lugha. Habari siulizi. Ya nyumbani kwa mtu ni ya nyumbani kwake.

Leo ilikuwa borrow na lend. Sisi huazima tu, mtoaji na mpokeaji, ndiyo maana yanatutesa. Kinyozi akasimulia jinsi mama mkwe wake alivyoazima redio asiirudishe – na kisa kizima mama mkwe alikuwa mwanamume, he mwanzo hadi mwisho. Nikamsahihisha. Akasema, Mwalimu, ungemwona usingeniandikia kosa. Dereva alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka baadaye, jikoni.

Alhamisi, 7 Machi

Remember na remind, kukumbuka na kukumbusha. Mshonaji hakuwa na kisa, akaomba asome meseji ya dada yake badala yake. Dada huandika kwa Kiingereza. Wakala aliyempeleka alieleza kwamba mwajiri hataki ndani ya nyumba yake lugha asiyoielewa, na kwamba mfanyakazi mwenzake humsaidia kuandika.

Wiki iliyopita Mshonaji alimwarifu dada kwamba mtoto ameanguka ngazini, amevunjika mkono. Jibu: amefurahi kupata habari. Kazi ni nzuri. Nyumba ni kubwa. Na wewe njoo upesi.

Nikaliambia darasa: hizi ndizo sentensi. Fupi, kila moja imesimama kwa miguu yake. Nikawaagiza wazinakili.

Mtoto alikuwa ameketi sakafuni, mkono mmoja ndani ya plasta, akichora kwa ule mwingine.

Ijumaa, 8 Machi

Sina raha. Tangu asubuhi nairudia meseji ile kichwani, na si kwa ajili ya lugha. Mama anaambiwa mwanawe amevunjika mkono. Haulizi ni mkono upi. Haulizi kama analala, kama analia. Anasema nyumba ni kubwa.

Nilimweleza mke wangu. Akaacha kukunja nguo. Akaniuliza, na wewe ukawanakilisha?

Jumatatu, 11 Machi

Wakala amekuja mwenyewe. Shati limenyooka, sauti ya chini, shikamoo ya mtu aliyelelewa. Alifika bila kuelekezwa nyumba.

Mshonaji naye anaondoka. Tiketi ipo tayari, na anakwenda kwa mwajiri yuleyule wa dada yake. Kinachongojewa ni neno langu: mwajiri atapiga simu Jumamosi saa kumi jioni. Anataka kuhakikishiwa na mwalimu kwamba msichana anaelewa anachoambiwa.

Nikamwuliza dada mtu yu hali gani. Akatabasamu.

"Mwalimu, nimeambiwa wewe unasahihisha lugha tu, habari huulizi. Utaratibu mzuri sana huo."

Chai yake hakuigusa. Alipotoka niliiona imeganda utando juu.

Alhamisi, 14 Machi

Nilimbakiza Mshonaji baada ya darasa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama mtu anayekwenda kupeleka habari ya msiba. Nikaanza kwa mbali – zile meseji, mkono wa mtoto. Akanikata, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mwalimu, najua si yeye. Nimejua tangu mkono."

Ameshaomba kusikia sauti. Ameambiwa simu ya dada haitoi sauti. Ameuliza mtoto aitwe jina gani, lile la nyumbani au la cheti. La nyumbani ni Nukta, na dada ndiye aliyembandika, kwa udogo aliozaliwa nao. Jibu: mwite upendavyo.

Hata kituo cha polisi amefika. Askari akazipitia meseji zote bila haraka, akamrudishia simu. Si huyu anakuandikia kila wiki? Nenda kalale, dada. Mtu anayeandika hajapotea.

"Basi usiende," nikamwambia.

"Nisipokwenda, nani atamtafuta?"

"Utaingia mlango uleule alioingia yeye."

"Ndio mlango pekee ninaoujua, Mwalimu. Yeye aliingia hana hata neno la kuombea maji. Mimi nataka kufika nikiwa na mdomo."

Kumbe ndiyo sababu ya bidii yake yote. Nami nilidhani anapenda somo.

Kisha akaniuliza, kwa heshima, tofauti ya look for na look after, maana humchanganya. Nikamweleza: la pili humhusu uliye naye, la kwanza humhusu usiye naye. Akatunga kisa chake hapohapo. Mwalimu na mkewe watamtunza mtoto. Mimi nitamtafuta mama yake. Hakikuwa na kosa. Sikuweza kumwambia, "Vizuri."

Ijumaa, 15 Machi

Mke wangu amesema mtoto abaki kwetu hata kuanzia kesho, wala tusiulizwe tena. Ila msichana asiende. "Mwambie huyo mtu kwenye simu kwamba hajui kitu. Uongo mmoja katika maisha yako yote, mume wangu. Mungu atausoma kama kosa la mwandiko."

Nikisema hajui, Wakala atamtafutia mwalimu mwingine, au ataachana na walimu kabisa. Nikisema anajua, nimemfungulia mlango kwa mkono wangu. Nimefikiria pia kumwuliza mwajiri palepale: nipe dada yake niongee naye. Lakini hapo atajua kwamba tumejua, na mwenye kulipia swali langu atakuwa yule aliye ndani – kama bado yumo ndani.

Maisha yangu yote nimewaambia watoto wa watu kwamba jibu sahihi huwa lipo.

Jumamosi, 16 Machi

Wakala amewahi. Mshonaji yuko ukingoni mwa kiti, amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Nimeingia chumbani nikisema natafuta miwani. Miwani ninayo usoni.

Nawasikia. Wakala amemwuliza Mshonaji mtoto ataachwa kwa nani. Kwa Mwalimu, amejibu.

"Wazee wale? Watachoka." Kisha, kwa upole, kama mtu anayempisha mwenzake kiti: "Hata mtoto anaweza kupangiwa. Wapo wanaotaka wadogo."

Nimesikia hatua za mke wangu, kisha za mtoto, kisha komeo la mlango wa jikoni likisukumwa mpaka mwisho. Halijasukumwa hivyo miaka mingi.

Simu inalia sebuleni. Wakala ameipokea, anasema yes sir, yes sir, one moment. Sasa ananiita – Mwalimu, Mwalimu, ni zamu yako.

Nitakuandikia, daftari, nikishaamua.