Mshumaa wa Desemba Katika Mwezi wa Agosti

Faaborg, mwezi wa Agosti

Mpendwa mwanangu Signe,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mtu anayependa filamu za kusafiri katika nyakati anatamani kurudi nyuma. Hata mimi, niliyefundisha historia mpaka nywele zikageuka mvi, nimelifanya kosa hilo, tena kwa baba yako mwenyewe. Lakini salamu kwanza. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bergen, na kwamba mvua yenu imewaachia nafasi ya kuanika nguo walau mara moja. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu ngazi.

Nakuandikia juu ya baba yako. Kwa muda sasa nimekuwa nikimshuku kaka yangu Vagn, na nataka uone shaka hiyo ilivyokua, usije ukafikiri shangazi yako amekurupuka.

Ilianza na Bodil, jirani yake. Alinishika mkono sokoni, akaninong'oneza kwamba Vagn hufunga mapazia jua likiwa bado juu, na kwamba kupitia upenyo ameona mshumaa ukiwaka. Si mshumaa wowote, akasema, bali ule wa Desemba wenye namba ubavuni, unaochomwa namba moja kila siku hadi Krismasi. "Gudrun wee, nduguyo anakula Krismasi na sisi bado tunaogelea!" Kisha akaongeza kwa huruma, ile huruma yake yenye meno, kwamba mama yake naye alianza hivyo hivyo, na mwisho akawa anaweka viatu ndani ya jokofu.

Nikaenda. Kabla sijagonga nilisikia muziki ninaoujua. Unaikumbuka ile tamthilia ya Desemba, ya watoto wa fundi saa wanaoingia kabatini na kutokea zama za wafalme, wakiitafuta kengele iliyoibwa? Ulikuwa ukilia kutaka kuona sehemu ya kesho, naye Vagn akikujibu kwamba namba haiungui kabla ya siku yake. Kumbe aliirekodi yote kwenye kanda za video. Nilimkuta kakaa na fulana, mshumaa mezani, jasho linamtoka. Aliponiona akapunguza sauti upesi, kama mwanafunzi aliyefumwa na sigara.

Nikakaa, nikatazama naye. Unajua ugonjwa wangu: nilianza kueleza. Nikamwambia kwamba watoto wale wakizuia wizi wa kengele, hawatakuwa na sababu ya kusafiri, na wasiposafiri, nani ameuzuia? Akaniuliza kama natazama filamu au nasahihisha mitihani. Sikukoma. Nikamweleza kwa nini hadithi hizi hutushika: kwamba mbele ya kioo kile cha televisheni mlango uliofungwa hufunguka, marehemu huonekana jikoni akibandika birika, na neno lililosemwa vibaya husemwa upya. Kwa kweli nilikuwa namtega. Nilidhani anamwita mama yako arudi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, Merete amepumzika. Mwache. Kula biskuti." Zilikuwa biskuti za Krismasi, zenye mdalasini, na alizioka mwenyewe siku ambayo hata paka walitafuta kivuli.

Basi nikamjaribu akili. Nikamwuliza kijanja leo ni tarehe ngapi. Akanitajia tarehe, siku, na jina la waziri mkuu, kisha akaniarifu kwamba blauzi yangu nimeivaa nje ndani. Nilikuwa nimeivaa hivyo kweli.

Hapo ndipo shaka iliponizidi, kwa maana mtu mwenye akili timamu hawashi mshumaa wa Desemba bure. Nikatokea mlango wa nyuma, nikapita bandani. Wajua baba yako huagiza kuni za majira ya baridi kabla ya wote, huzipanga kwa kupima na rula, halafu huwacheka majirani wanaochelewa. Banda lilikuwa tupu. Limefagiwa. Nikarudi kumwuliza, akasema ataona. Signe, kaka yangu hajawahi kusema ataona. Huagiza.

Jioni iliyofuata nilizima televisheni, nikasimama mbele yake kama mbele ya darasa, nikamtaka aniambie ni nani atakayeipasha moto nyumba hii mwezi wa Januari. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba ana saratani ya kongosho. Daktari wa Odense amemtajia vuli tu, majani yanapopukutika. Desemba hakuitaja.

Wale watoto, akasema, huenda popote hadithi inapowapeleka. Yeye anataka kufika mahali pamoja tu, Krismasi, na miguu haitafika, kwa hiyo ameiita ije. Nikamwuliza kwa nini basi asiwashe mshumaa mpaka uishe, akazitazama sehemu zote kwa usiku mmoja. Akanikodolea macho kana kwamba nimemshauri akaibe kanisani. Hiyo haitakuwa Krismasi, akasema, huo utakuwa moto tu.

Alinifanya niahidi kutokuambia. Umeshapewa likizo ya Desemba, na hataki uache wagonjwa wako uje kumtumbulia macho mzee. Niliahidi. Leo naivunja ahadi hiyo, na kesho asubuhi nitamwambia mwenyewe kwamba nimeivunja, anune akitaka. Maana jana nilipokwenda kukaa kwenye kochi, upande wa dirisha, aliniomba nisogee. Akasema hapo ni mahali pako, Signe.

Sehemu ya mwisho itafika Jumapili ya wiki ijayo. Tayari ameagiza bata wa mlo wa Krismasi.

Bodil anakusalimu, ameapa kunyamaza, nami namwamini mpaka Alhamisi. Mpe Eskil, mumeo, salamu zangu nyingi, na umwambie soksi alizoniletea bado zinanitunza miguu. Usipoteze muda kunijibu. Nenda bandarini, ukate tiketi ya meli leo.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Gudrun