Sauti za Mama Zilizopotea

Chikongola,
Mtwara.
21 Novemba, 2025.

Mpendwa Kaka Abdulmalik,

Asalaam alaykum. Natumaini huko Muscat hamjambo, na mgongo wa wifi Safina umepata nafuu. Sisi huku wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha nikuandikie kwa mkono.

Uliponipigia kuniambia mfumo wa kompyuta ya dukani umepitwa na wakati, kwamba bila kuwekwa mpya wezi wa mitandaoni wataingia, sikubisha. Nilikuomba kitu kimoja: uningoje ninunue flashi, nihamishe sauti za marehemu Mama. Nikakueleza pia kuwa umeme wa huku unakatika bila taarifa.

Ukanijibu, "Saumu, faili haziguswi. Acha woga."

Kesho yake asubuhi, nikiwa namchapia mteja barua ya kuomba kazi, nikaona mshale unatembea wenyewe kwenye kioo. Kumbe ni wewe, umeingia kwa ile programu uliyoiweka ili unisaidie ukiwa mbali. Nikakupigia, hukupokea. Ukaandika tu, "Naweka apdeti, usizime." Kompyuta ikajizima, ikaanza kujiwasha upya, na umeme ukakatika hapohapo.

Haikuwaka tena. Nikaipeleka kwa Hemedi, fundi wa hapa sokoni. Alihangaika nayo sana, kisha akasema, "Dada, diski imekufa. Vilivyomo sivipati."

Unavijua vilivyomo? Hukuwahi kuuliza. Ni Mama akisimulia kwa Kimgao, Kiswahili chake cha Mikindani, jinsi babu alivyokuja kumposa bibi, akicheka mpaka anakohoa. Ile programu ya kusafisha sauti uliyoniwekea ilinifaa, sitakunyima shukrani yake. Iliondoa kelele za feni na kuku, akabaki Mama peke yake. Kwenye simu niliyomrekodia nilishazifuta kwa kuwa ilijaa.

Hukuwahi maziko na sikukulaumu, najua ruhusa ya kazi haipatikani kirahisi. Lakini hili ulilitenda kwa mkono wako, huku nakuomba usitende. Na ulipopata habari ukaandika, "Pole, nitakutumia kompyuta mpya."

Usitume. Nitanunua yangu, na hakuna atakayeingia humo akiwa mbali.

Mama mdogo Halima wa Mtawanya anakusalimu. Bado anasubiri nimpelekee sauti za dada yake asikilize, na sijapata namna ya kumwambia. Nakuachia wewe umwambie.

Juzi binti yangu Warda aliniomba nimwigizie bibi yake alivyokuwa akiongea. Nikajaribu. Ikatoka sauti yangu.

Nisalimie wifi na mwanao Mustafa. Mungu akulinde huko uliko, na akujalie kusubiri unapoombwa kusubiri.

Mdogo wako akupendaye, hata kwa haya,
Saumu