Kamba ya Kuzimia Mashine

Kaka yangu,

Hatujambo kiasi. Mpwa wako ameota meno. Mashine ya boti uliyotutumia, ile ya umeme, bado nzima, na haina kelele hata kidogo.

Shemeji yako aliteleza akaanguka ziwani. Boti ilizunguka ikamrudia kimyakimya, pangaboi likamsaga mguu. Umekatwa chini ya goti. Watu wanamlaumu kwamba hakujifunga mkononi kamba inayozima mashine mtu akianguka.

Kaka, kamba niliikata mimi nikafungie banda la kuku, kisumaku chake, kile ambacho kikichomoka mashine huzima, nikakiacha kwenye mashine. Asubuhi ile aliniuliza, "Mke wangu, kamba iko wapi?" Nikajibu, "Sijui."

Jana nikimfunga bendeji alisema, "Bila wewe ningekuwa mgeni wa nani?" Nikashindwa kumtazama.

Ukimwandikia, usiligusie hili.

Dada yako