Baba, Hukufa kwa Ugonjwa

Baba yangu mpendwa,

Wamekupa tuzo! Tuzo ya taifa, ya watu waliotumikia utangazaji maisha yao yote. Juma lijalo napanda ndege kwenda Kinshasa kuipokea kwa niaba yako. Ungecheka, wewe uliyetangaza kwa mikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka redioni, hapa Kasongo, nikae kimya kwenye kiti cha plastiki saa ya matangazo ya vifo? Watu walitoka Lusangi, Nyangwe, hata Wamaza kwa pikipiki, kukuletea jina la marehemu wao. Kabla hujaandika uliuliza, "Alikufa aje?" Siku moja akaja mama wa Wamaza, damu ya mumewe imekauka kwenye kitenge chake. Akakuomba useme tu amefariki. Ukamtazama. "Mama, mutu mwenye walikata shingo, niseme alikufa na malaria?" Akalia, akakutajia waliomkata, wale wenye silaha waliokuwa wameishika njia. Ukatangaza: ameuawa kwa panga, njia ya Wamaza. Na waliomuua ukawataja.

Wakakutumia neno uache. Hukuacha. Kichwa kigumu, we!

Siku ile walipokuja, mama alikuwa nyumbani anatwanga majani ya sombe, redio iko dirishani. Ulikuwa katikati ya tangazo. Tukasikia mlango unavunjwa, kisha sauti: "Sema sasa! Sema tuko wauaji!" Ukaanza, "Wasikilizaji..." Panga likakukatiza. Ulipiga yowe moja ambalo mpaka leo nalisikia. Hakuna aliyezima mikrofoni, baba. Kasongo nzima ilikusikia ukikatwakatwa, ukikoroma, hadi mmoja wao alipong'oa waya. Tulipofika, taya lako lilikuwa limepasuliwa, na vidole vya mkono uliokinga kichwa vilikuwa chini ya meza. Mama aliviokota, akavifunga kwenye leso yake.

Kesho yake mwenzako Ramazani aliunga waya, akasoma tangazo lako: umefariki kwa ugonjwa mfupi. Nilitaka kumrarua! Nilipomfuata akaniambia, "Binti yangu, mimi pia niko na watoto." Na watu wale wale waliokusikia kwa masikio yao walikuja matangani, wakatushika mikono. "Poleni, ugonjwa iko kitu mubaya." Mama akaitikia, asante.

Jana kijana mmoja wa hiyo sherehe ya tuzo alinipigia simu, akanisomea maneno watakayosema jukwaani: "Aliyetutoka kwa ugonjwa mfupi." Nikafoka, "Ugonjwa gani?" Akashangaa. "Mama, ndivyo redio yenu ilivyotangaza."

Mama ananisihi nipokee, niseme merci, nirudi. "Wale watu bado tuko nao hapa." Kweli. Mmoja wao hunisalimia sokoni akinunua samaki, ananiita shemeji. Naogopa, baba, sikufichi.

Lakini sherehe itarushwa moja kwa moja redioni, hadi huku kwetu. Watanipa mikrofoni nishukuru. Nitaishika, nisome ulivyonifundisha: "Familia zote za Kasongo, Nyangwe, Lusangi na Wamaza, mnajulishwa kifo cha mtangazaji wenu. Ameuawa kwa panga, akiwa kazini." Na waliokuua nitawataja. Kisha nitamalizia kama ulivyokuwa ukimalizia: "Mazishi yalishafanyika."

Asubuhi hii nimemwambia mama. Aliinamia kinu chake akaendelea kutwanga. Unajua, tangu siku ile hajafungua redio hata mara moja. Nilipokuwa natoka kwenda sokoni, akaniita kutoka uani.

"Ukirudi, uniletee betri za redio."

Lala salama, baba.

Mimi, kifungua mimba wako.